Meli ikipanda mwamba: mwongozo kamili wa nguvu za serikali kabla mafuta hayajafika pwani

Tarehe 25 Julai 2020 jioni, meli ya Wakashio ilipanda mwamba pale Pointe d'Esny, kusini mashariki mwa Mauritius. Haikuwa na mzigo, ila matangini mwake kulikuwa na karibu tani 4,000 za mafuta ya kuendeshea meli yenyewe. Ikakaa pale juu ya matumbawe, bahari inaipiga, watu wa vijiji wanaiangalia kwa macho yao, mpaka tarehe 6 Agosti ndo tangi likapasuka mafuta yakaanza kumwagika. Hesabu wewe mwenyewe, siku 12. Dharura ya mazingira ikatangazwa tarehe 7, yani siku moja baada ya kuvuja. Tani kama 1,000 zikaingia kwenye maji yaliyozungukwa na matumbawe na kwenye mikoko, na zilizobaki zikafyonzwa mbiombio kabla meli haijakatika vipande viwili tarehe 15 Agosti.

Nilipokuwa nafatilia habari ile kitu kilichoniuma sio bahari kuwa mbaya, maana Julai bahari ya huku kwetu kila mtu anaijua na hata serikali ya Mauritius ilisema hali ya hewa iliwabana. Kilichoniuma ni kuona watu wengi, wakiwemo viongozi, wanaongea kana kwamba serikali haina la kufanya mpaka mafuta yatoke. Sio kweli. Nguvu ya serikali inaanza pale meli inapopata ajali na hatari inapoonekana. Nimeandika hii kwa ajili ya viongozi wa BMU (vikundi vya kusimamia fukwe na uvuvi), madiwani, wenye mashamba ya mwani, waandishi wa habari na yeyote anayekaa pwani, ili siku ikitokea mjue cha kudai, mjue mdai kwa nani, na mdai saa ngapi.

Hatua ya 1: Jua nguvu yenyewe imetoka wapi

Usiruke hapa, maana ukienda kwa mkubwa bila hii utaambiwa "meli ni ya watu, ina bendera ya nchi nyingine, hatuwezi kuigusa".

Mwaka 1967, tarehe 18 Machi, tanka la Torrey Canyon lenye bendera ya Liberia liligonga miamba ya Seven Stones karibu na Cornwall, Uingereza, likiwa na takriban tani 119,000 za mafuta ghafi kutoka Kuwait. Wakati huo bahari ya Uingereza ilikuwa inaishia maili 3 tu, meli iko nje ya hapo, kwa hiyo serikali ikabaki inajiuliza kama ina haki ya kuigusa mali ya mtu mwingine kwenye bahari ya wote. Wakaacha kampuni ya uokoaji ijaribu kuinasua. Tarehe 26 meli ikakatika. Tarehe 28 ndo zikatumwa ndege za jeshi kuipiga mabomu ili mafuta yaungue, na mafuta mengi yalishafika ufukweni, mengine yakavuka mpaka Ufaransa.

Aibu ile ndo iliyozaa mkataba wa Brussels wa tarehe 29 Novemba 1969, unaoipa nchi ya pwani haki ya kuingilia kati nje ya bahari yake kabisa, kwenye bahari kuu, pale ajali inapoleta hatari kubwa na ya karibu ya mafuta kwa pwani yake. Ulianza kutumika 1975, halafu kuna itifaki ya 1973 iliyoongeza kemikali na vitu vingine visivyo mafuta. Meli za kivita hazimo.

Kisha ukaja Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982. Tanzania iliuridhia 1985, Kenya 1989. Ushike kifungu cha 221, kiandike hata nyuma ya daftari. Kinasema nchi ina haki ya kuchukua hatua na kuzisimamia hata nje ya maili 12 za bahari yake, hatua zinazolingana na madhara yaliyotokea *au yanayotishia kutokea*, ili kulinda pwani yake na maslahi yanayohusiana nayo, na uvuvi umetajwa kwa jina kabisa. Na "ajali" humo ndani haina maana ya kugongana au kupanda mwamba tu. Tukio lolote melini au nje yake linaloleta uharibifu, au tishio la karibu la uharibifu kwa meli au mzigo, linahesabika. Yani tanka limezima injini, linaelea bila mwelekeo na upepo unalisukuma kwenye mwamba, hiyo tayari ni ajali, hujasubiri ligonge.

Ndani ya maili 12 ndo kabisa hakuna mjadala, hapo ni kwako.

Hatua ya 2: Toa taarifa na itoe ikiwa imekamilika

Kenya mwenye dhamana ni Mamlaka ya Bahari ya Kenya, KMA, makao yake Mombasa, na kituo cha uratibu wa uokoaji baharini kiko Mombasa hapohapo. Tanzania bara ni TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli, kituo chao cha uratibu kiko Dar es Salaam, na Zanzibar kuna Mamlaka ya Usafiri Baharini, ZMA. Nchi zote mbili zina mpango wa taifa wa kukabili umwagikaji wa mafuta baharini. BMU yenu inatakiwa iwe na namba hizi zimebandikwa ukutani leo, sio siku ya tukio mtu anaanza kuuliza kwenye grupu la WhatsApp.

Taarifa ya "kuna meli imekwama huku kwetu" haisaidii sana. Sema mahali kwa GPS, simu yoyote ya kisasa inatoa. Sema jina la meli na ile namba ya IMO (shirika la kimataifa la usafiri wa baharini) ya tarakimu 7 iliyoandikwa mwilini mwake. Hiyo namba ni muhimu kuliko jina, sababu jina na bendera hubadilishwa meli ikiuzwa ila namba inabaki nayo mpaka inakatwa vyuma chakavu. Sema imelalia upande gani, inatoa moshi au haitoi, kuna mng'aro wa mafuta majini au hakuna, upepo unatoka wapi, maji yanajaa au yanakupwa. Piga picha yenye saa.

Halafu uliza swali ambalo watu wanalisahau: ina mafuta kiasi gani *ya kuendeshea*, na ni ya aina gani? Wakashio haikuwa tanka, ilikuwa meli ya mizigo tena tupu, ndo maana wengi walidhani hakuna hatari. Dizeli ni sumu ila huyeyuka hewani haraka. Mafuta mazito yanaganda, yananata kwenye mizizi ya mikoko na yanakaa miaka.

Hatua ya 3: Piga hesabu mafuta yatafika wapi na lini

Mafuta juu ya maji yanakwenda na mkondo kwa kasi yote ya mkondo, ukijumlisha karibu asilimia 3 ya kasi ya upepo. Basi. Chukua mfano wa msimu wa kusi, upepo noti 20 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa) unaelekea kaskazini, asilimia 3 yake ni noti 0.6, mkondo noti 2 unaelekea hukohuko kaskazini kama kawaida yake, jumla noti 2.6. Kwa saa 12 ni kama maili 31 za baharini. Yani ajali ya jioni, alfajiri mafuta yako wilaya nyingine, pengine nchi nyingine. Wakati wa kaskazi hesabu inabadilika, upepo na mkondo vinashindana, mafuta yanaweza kuzunguka palepale au kusukumwa ufukweni.

Wavuvi wazee wanajua kitu ambacho kompyuta za Nairobi na Dodoma hazikijui, mkondo unapinda wapi kwenye mlango wa ghuba, maji ya bamvua yanaingia mkokoni mpaka wapi. Mdai wazee hao wakae kwenye meza ya maamuzi tangu siku ya kwanza.

Na kama hesabu inaonesha mafuta yatavuka mpaka, jirani aambiwe palepale. Kuna itifaki ya 1985 chini ya Mkataba wa Nairobi wa mazingira ya bahari ya ukanda huu, inayohusu kusaidiana kwenye dharura za uchafuzi wa bahari, kwa hiyo simu kati ya Tanga na Kwale sio hisani.

Hatua ya 4: Dai amri itolewe, kwa maandishi, na mtu mmoja

Hapa ndo moyo wa jambo, na hapa ndo nchi nyingi zinaanguka.

Nguvu ya kwanza ya serikali sio mabomu wala tagi (meli ndogo yenye nguvu ya kuvuta meli nyingine), ni amri. Amri inaweza kwenda kwa mwenye meli, kwa kapteni, kwa kampuni ya uokoaji iliyokodiwa, hata kwa msimamizi wa bandari. Inaweza kusema meli isogee au isisogee, ipite njia fulani, mafuta yafyonzwe au yahamishwe, tagi fulani likubaliwe sasa hivi. Serikali inaweza pia kufunga eneo la bahari kuzunguka meli ili vyombo vingine visiingie.

Kwanini nasema tagi likubaliwe sasa hivi? Angalia tanka la Amoco Cadiz. Tarehe 16 Machi 1978 asubuhi usukani wake uliharibika karibu na pwani ya Brittany, Ufaransa. Tagi la Kijerumani, Pacific, likafika mchana, na mabishano yakazuka juu ya mkataba wa malipo ya uokoaji wakati meli inasogea kwenye miamba. Kamba ikakatika, wakajaribu tena, usiku ikapanda mwamba pale Portsall. Tani zaidi ya 220,000 za mafuta ghafi, zote baharini. Ufaransa baada ya pale ikampa afisa wake wa kijeshi wa bahari nguvu ya kuingilia mapema na ikaweka tagi kubwa likae tayari Brest.

Uingereza walijifunza kitu kingine. Baada ya tanka la Sea Empress kumwaga takriban tani 72,000 pale Milford Haven mwaka 1996, ikaonekana wapishi walikuwa wengi mno. Basi 1999 wakaweka mtu mmoja anaitwa SOSREP, mwakilishi wa waziri, anayeamua peke yake kwa niaba ya serikali. Waziri anaweza kumuunga mkono au kumfukuza kazi, ila haingilii katikati ya operesheni. Mimi naamini hiki ndicho kitu kimoja ambacho pwani yetu inakihitaji kuliko hata vifaa. Ukiwa na mamlaka ya bahari, bandari, mazingira, jeshi la majini, polisi, mkoa au kaunti, wote wako kwenye kikao na kila mmoja anasubiri mwenzake aseme, mafuta hayasubiri.

Kwa hiyo ukifika kwa mkuu wa wilaya au kwa kamishna usiulize "mnafanya nini". Uliza hivi: nani ana dhamana ya mwisho, jina na cheo? Amri imeshatoka? Saa ngapi? Imepewa muda gani? Isipotekelezwa serikali itafanya nini? Maswali matano tu. Mwandishi wa habari akiyauliza haya kila asubuhi, mambo yanakwenda.

Na ndio, kuna masharti. Nje ya bahari yako unatakiwa uwasiliane na nchi ya bendera, uwajulishe wenye maslahi, usikilize maoni yao. Ila mkataba wa 1969 wenyewe unasema kwenye dharura kubwa unaweza kuendelea bila kungoja mashauriano. Hatua nazo lazima zilingane na hatari, ukipitiliza ukasababisha hasara isiyo ya lazima unailipa. Maafisa wetu wanaogopa sana kipengele hiki kuliko kinavyostahili, kwa sababu kinachohukumiwa ni kama ulikuwa na sababu ya msingi kwa taarifa ulizokuwa nazo. Andika sababu zako saa ileile, hifadhi utabiri wa hali ya hewa, umejikinga.

Hatua ya 5: Amua meli iende wapi

Huu ndo uamuzi mgumu kuliko yote, na nitasema wazi kitu ambacho watu wa pwani hawapendi kukisikia, mara nyingine jibu sahihi ni kuileta karibu.

Novemba 2002 tanka la Prestige, na tani 77,000 za mafuta mazito, lilipata ufa mbele ya Galicia, kaskazini magharibi mwa Hispania. Hispania ikaamuru lisukumwe mbali, nje huko. Likazunguka siku kadhaa kwenye mawimbi, tarehe 19 likakatika likazama, na uchafu ukarudi kwenye pwani ileile waliyokuwa wanailinda, ukaenda na Ufaransa pia. Ukiitupa mbali unatanua eneo la uchafuzi tu.

Sasa linganisha na MSC Napoli. Januari 2007 meli ya makontena ilipasuka kwenye mlango wa bahari wa Uingereza na Ufaransa, wafanyakazi wote 26 wakaokolewa, SOSREP wa wakati huo, Robin Middleton, akaona haitafika bandari ya Portland, akaamuru ipandishwe kwa makusudi kwenye maji ya kina kifupi pale Branscombe. Wenyeji walikasirika, makontena yakasombwa ufukweni, lakini sehemu kubwa sana ya zaidi ya tani 3,000 za mafuta ilifyonzwa kwa sababu meli ilikuwa mahali panapofikika.

Shirika la IMO lilitoa miongozo ya mahali pa kuhifadhi meli zenye shida mwaka 2003. Kazi ya kuchagua ghuba inafanywa mapema, kwenye ramani, watu wakiwa na akili zilizotulia: wapi pana mchanga na sio matumbawe, wapi pamejikinga na kusi, wapi hakuna mashamba ya mwani. Tanga ndo wafanye hii kwa haraka, maana bomba la kutoka Hoima linaishia Chongoleani na matanka ya mafuta ghafi yatapakia pale. Waulizeni viongozi: ghuba ya hifadhi imechaguliwa? Wavuvi walishirikishwa?

Hatua ya 6: Amri ikigomewa, serikali ifanye yenyewe

Kupanda melini, kuichukua, kufyonza mafuta, kuivuta, na mwisho kabisa kuizamisha au kuiharibu. Kuchoma na kulipua ni kwa pale njia nyingine zimekwisha. Kazi ya maana karibu kila mara ni ileile isiyo na picha nzuri, kutoa mafuta kwenye matangi wakati meli bado nzima.

Kuhusu gharama, hili liwafikie watu wa hazina. Chini ya mikataba ya fidia ya 1992 kwa matanka na ule wa 2001 kwa mafuta ya kuendeshea meli, gharama za *kuzuia* zinadaiwa hata kama tone halikumwagika, ilimradi hatari ilikuwa kubwa na ya karibu na hatua zilikuwa za busara. Kwa hiyo kusubiri mafuta yatoke ili "tuwe na ushahidi wa kudai" ni kosa la kisheria na kosa la kibinadamu.

Hatua ya 7: Ufukweni

Kwa kifupi. Linda midomo ya mikoko na vijito kwanza, kwa vizuizi vinavyoelea, ufuko wa mchanga utasafishwa baadae. Mauritius wenyeji walishona vizuizi vyao kwa vitambaa na majani ya miwa, kwa mikono yao, na vilisaidia. Wasiingie watoto wala wajawazito, na asiingie mtu bila glovu na buti. Msikanyage matope ya mikoko yenye mafuta, mnayashindilia chini kwenye mizizi. Dawa za kutawanya mafuta zisipigwe kwenye maji mafupi juu ya matumbawe, kataeni. Cornwall mwaka 1967 dawa kali walizomwaga ziliua viumbe vya miambani kuliko mafuta yenyewe.

Hatua ya 8: Mabaki ya meli

Mkataba wa kuondoa mabaki ya meli ulipitishwa Nairobi, tarehe 18 Mei 2007, ukaanza kutumika 14 Aprili 2015. Unamtaka mwenye meli aondoe mabaki yaliyo hatari, serikali impe muda maalum, na akishindwa serikali iondoe na idai bima moja kwa moja. Meli za kuanzia tani 300 za ujazo lazima ziwe na cheti cha bima hiyo. Nchi ikiridhia inabidi pia itangaze kwamba mkataba utatumika ndani ya maili 12, vinginevyo unabaki wa nje tu, na meli nyingi hupanda mwamba karibu na nchi kavu. Muulize mbunge wako kuhusu hilo tangazo.

Hatua ya 9: Anza kukusanya ushahidi wa fidia siku ya kwanza

Kama ni tanka, mwenye meli anawajibika hata kama hakuwa na kosa, isipokuwa mambo machache kama vita, na juu yake kuna Mfuko wa kimataifa wa 1992 ambao Kenya na Tanzania zote ni wanachama. Dari ya jumla ni milioni 203 za SDR, ile sarafu ya hesabu ya IMF. Kama ni meli ya kawaida kama Wakashio, Mfuko huo haupo, unabaki na bima ya mwenye meli na ukomo wake, na ukomo unategemea nchi imeridhia mkataba wa ukomo wa fidia wa mwaka gani. Mauritius ilikuwa kwenye ule wa zamani wa 1976 wenye viwango vidogo.

Wavuvi, wachuuzi wa samaki, mama wa mwani, wenye boti za watalii, wote wanaweza kudai kipato kilichopotea. Shida yetu ni karatasi. Basi tumieni mlizonazo: daftari la BMU la samaki waliopimwa, meseji za M-Pesa za mnunuzi wa pweza, risiti za kampuni inayonunua mwani, picha za dema na nyavu zilizochafuka kabla hamjazitupa. Andika siku ambazo hukwenda baharini na kwanini. Kama serikali imefunga uvuvi, hifadhi nakala ya tangazo.

Muda wa kufungua kesi ni miaka 3 tangu madhara yatokee, na kwa vyovyote haizidi 6 tangu ajali. Miaka 3 inaisha upesi mkiwa bado mnaahidiwa vikao, kwa hiyo dai liandikwe na kupokelewa kwa muhuri, na kesi ifunguliwe kabla haijaisha, hata kama mazungumzo yanaendelea. Na chukueni sampuli ya mafuta, chupa ya glasi safi yenye kifuniko, sio plastiki, ijazwe mbele ya mashahidi wawili, iandikwe tarehe, saa na mahali, iwekwe gizani mahali pa baridi, nyingine apewe afisa na asaini kwamba amepokea.